Jirani Ajuaye Mlango

Yule Msamaria wa Injili alimwonea huruma mtu aliyejeruhiwa. Hayo twayakumbuka sote. Twasahau kwamba aliijua pia nyumba ya wageni ilipo, akasema na mwenyeji wake, akatoa dinari mbili.

Huko Milepa, katika bonde la Ziwa Rukwa, mkulima na mfugaji wamepakana. Ng'ombe wakiingia katika mahindi, au alama ya mpaka ikisogezwa usiku, huumia zaidi yule asiyejua pa kwenda. Na pa kwenda papo! Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji: watu saba, na watatu kati yao sharti wawe wanawake. Kazi yao ni kupatanisha. Lakini mjane asiyesoma atayajuaje hayo, ikiwa jirani yake msomi amenyamaza?

Wapo waandikao barua za wenzao kwa malipo ya kuku. Hatuwalaumu sana; kalamu nayo hununuliwa. Bali amtiaye jirani dole gumba katika karatasi asiyomsomea, huyo ni mnyang'anyi wa njia ile ile ya Yeriko, hata akiwahi Misa kila Dominika.

Basi twawaomba, akina baba na akina mama mliojaliwa kusoma: mwulizeni jirani ana karatasi gani sandukuni. Msomeeni yote polepole, kwa Kifipa kama Kiswahili kinamshinda, na siku ya baraza mkakae naye benchi moja.