AHADI YA KUREJEA NYUMBANI

Mtu akikwambia: "Toka nyumbani mwako niibomoe, nikujengee iliyo bora, kisha urejee", nawe ukatoka, na nyumba ikajengwa, ikawa bora kweli, illa wewe hukurejea: je, mtu yule amekutimizia ahadi yake?

Swali hili si la kubuni. Katika mji wa Chicago, huko Marekani, palikuwa na mtaa wa serikali ulioitwa Cabrini-Green. Nyumba zake za chini zilijengwa mwaka 1942, na majumba marefu yakafuata hata 1962, mengine yakifika ghorofa 19. Zote zilikuwa nyumba zipatazo 3,600, na ulipojaa walikaa humo watu kama 15,000, wengi wao weusi masikini, mwendo mfupi wa miguu kutoka kwa matajiri wa mji ule. Mtaa ukaharibika: lifti zikafa, taa zisitengezwe, na bunduki zikalia. Mwaka 1992 mtoto wa miaka 7 alipigwa risasi akafa, naye yuwaenda skuli pamoja na mamake. Basi hapana mwenye akili awezaye kusema kuwa mambo yale yangeachwa vivyo hivyo.

Kubomoa kulianza 1995, na jumba refu la mwisho likaangushwa 2011. Mahali pake pakajengwa nyumba za mchanganyiko: tajiri anunuaye kwa bei ya soko, mtu wa kadiri, na masikini asaidiwaye na serikali, wote pamoja. Katika shauri la mwaka 2000 mji uliahidi kujenga au kutengeneza nyumba 25,000 kwa miaka 10, na wapangaji halali wakaambiwa wana haki ya kurejea.

Miaka 10 ikatimia, hesabu isitimie. Na haki yenyewe ilifungwa kwa masharti: mpangaji atakikana afanye kazi saa 30 kwa juma, na katika baadhi ya majengo apimwe kama hatumii madawa ya kulevya. Jirani yake aliyenunua hakuulizwa hata moja katika hayo.

Watetezi wa jambo hili husema kuwa tajiri akihamia, taa huwaka na maduka hufunguliwa. Hayo kwa sehemu ni kweli. Lakini Robert Chaskin na Mark Joseph, katika kitabu chao cha mwaka 2015, walieleza kuwa majirani hao waliishi karibu bila ya kuchanganyika sana, na masikini wakajiona wanachungwa. (Na ajabu ni hii: tajiri hakuletwa ajifunze lo lote kwa masikini.)

Ama mimi naona hivi. Ahadi ni deni, na deni lina mwenyewe. Ukiwa na deni langu, ukalilipa kwa mwingine mhitaji, umefanya hisani, lakini deni langu liko pale pale. Nyumba 25,000 ni hesabu. Aliyeahidiwa ni mtu. Mtoto aliyehamishwa ana miaka 10 katika mwaka 2000, alikuwa na 25 mwaka 2015. Hata akipewa ufunguo siku hiyo, utoto wake umekwisha kwingineko.

Na zile nyumba za chini za 1942 hazikubomolewa. Chache zilitengenezwa zikakaliwa. Zilizobaki zikazungushiwa ua, zikakaa tupu miaka mingi, na watu wenye haki ya kurejea wakingoja.