Kiasi Hakiazimwi

Umbali wa marathoni ulipangwa na watu wasiokimbia. Katika Michezo ya Olimpiki ya London ya mwaka 1908, mbio zilianzia kwenye kasri la Windsor na kuishia uwanjani mbele ya jukwaa la familia ya kifalme, na njia iliyounganisha sehemu hizo mbili ikatoka kilomita 42.195. Kabla ya hapo kila michezo ilikuwa na urefu wake. Athens mwaka 1896 walikimbia kama kilomita 40. Mwaka 1921 wakubwa wa riadha wakaufanya urefu ule wa London kuwa kipimo cha dunia nzima, na hadi leo karani wa Dar es Salaam anayekwenda kukimbia Moshi anazilipia zile mita 195 kwa miguu yake mwenyewe, ilhali hilo kasri hajaliona hata kwenye kalenda.

Silalamiki. Nalitaja jambo hili kwa sababu linatuonyesha ni mangapi katika mbio ndefu yasiyo ya mkimbiaji. Umbali si wake, kilima si chake, jua si lake, na saa ya kuanza hupangwa na waandaaji. Kilichobaki mikononi mwake ni kiasi cha mwendo, basi. Na hicho peke yake kinatosha kumshughulisha mtu maisha yake yote.

Wahenga hapa hawakutusaidia sana. Walituambia haraka haraka haina baraka, na kabla hatujakaa sawa wakatuambia chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mwenda pole hajikwai, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo. Wapo wanaozicheka methali hizi kwamba zinapingana. Mimi naona zote zinasema kweli, ila kuna kazi moja zimeiacha, kwa kuwa haiwezi kufanywa na methali: kumwambia mtu huyu, asubuhi hii, mwendo upi ni haraka na upi ni kuchelewa.

Aristotle aliliona tatizo hili, na mfano wake aliutoa kiwanjani. Wema, alisema, hukaa kati ya kuzidi na kupungua, lakini kati hiyo haipatikani kwa hesabu ya kujumlisha na kugawa. Ikiwa chakula cha mina kumi (mina ni kipimo cha uzito cha Wayunani) ni kingi na cha mina mbili ni kidogo, mwalimu wa mazoezi hawezi kuamua kwamba basi kila mtu ale sita. Kwa Milo, yule mpiga mieleka mashuhuri, sita ni kidogo. Kwa anayeanza mazoezi ni nyingi. Akaongeza kwamba ndivyo ilivyo katika kukimbia pia. Nampa haki yake mzee huyo wa Kiyunani, ila kuna mtu aliyemwacha nje ya mlango. Anasema kiasi hujulikana kwa mwenye busara. Je, yule anayeanza, ambaye busara hiyo hana bado na kesho alfajiri lazima atoke nje akakimbie, ashike nini?

Mimi nilianza nikiwa nimeshaupita umri wa kuitwa kijana, tena bila sababu ya kishujaa. Ofisini kulizuka kikundi cha kwenda Kilimanjaro Marathon, karatasi ikapitishwa, nikaandika jina. Mbio nilizozijua hadi siku hiyo zilikuwa mchakamchaka wa shule. Mchakamchaka una hekima yake, nisiupuuze. Pale mwendo ni wa wimbo. Hakuna anayekuuliza pumzi yako ikoje. Kiongozi anatoa, wengine wanapokea, na miguu inafuata midomo. Mdhaifu anabebwa na mwenye nguvu anazuiwa. Vikundi vya jogging vinavyopita Temeke na Ilala mwishoni mwa wiki, na ngoma zao na fulana zao za rangi moja, vinaendeleza elimu hiyohiyo. Lakini wimbo una mwisho wake. Huwezi kuimba kwa saa nne na nusu, na hata ungeweza, wenzako wangekuwa wamekwisha kutawanyika, kila mmoja na barabara yake.

Kipimo kilichonifaa nilipewa na fundi cherehani mstaafu wa mtaani kwetu, ambaye ujanani alikuwa akikimbia. Hakuwa na saa ya mkononi wala hakuona haja yake. "Mwanangu," aliniambia, "ukimkuta mtu mzima njiani lazima umwamkie. Ukishindwa kuimaliza salamu, umezidisha."

Nilidhani ananitania. Dar es Salaam saa kumi na moja na nusu alfajiri ina watu wengi kuliko inavyodhaniwa: wanaotoka msikitini, walinzi wanaobadilishana zamu, makonda wanaoosha daladala, akina mama wanaowasha jiko la vitumbua. Shikamoo peke yake si mtihani. Hata aliyekata pumzi anaweza kuitupa. Mtihani ni yale yanayofuata. Habari za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo, mgonjwa anaendeleaje. Ili uyajibu yote bila kuhema kama aliyefukuzwa na mbwa, na katika joto lile la pwani linalokuloanisha kabla jua halijachomoza, inabidi ukimbie polepole kwa namna inayotia aibu. Asubuhi moja kijana mwenye guta la maji, madumu yamejaa, alinipita akageuka nyuma na kuniambia, "Pole, mzee." Nikamjibu, "Nishapoa, mwanangu," na nilipoisikia sauti yangu haitetemeki nikajua niko ndani ya kiasi.

Kuna sababu ya mwili katika fundisho hilo. Misuli na ini huweka akiba ya sukari, na akiba hiyo si kubwa. Kwa wengi wetu huanza kuishia mahali fulani baada ya kilomita ya 30. Mafuta ya mwili ni mengi hata kwa mtu mwembamba, ila hutoa nguvu taratibu. Anayekwenda kwa kujikamua hutumia zaidi sukari, anayekwenda akiongea huyapa mafuta nafasi, na anayekimbia hivyo miezi mingi hufanya mwili uzidi kuyazoea. Wanaokata moto kilomita ya 32 mara nyingi wanalipa deni walilokopa kilomita ya 5, tena walilikopa wakicheka.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Katika mbio ndefu kuzidisha hakuumi wakati wa kuzidisha. Kilomita ya 5 mwendo wa kupita kiasi unajionyesha kama afya: miguu ni myepesi, watu wanashangilia, asubuhi ni ya baridi. Ukiuuliza mwili wako saa ile unajisikiaje, utakujibu kwa dhati kabisa kwamba unaweza kuongeza. Maumivu huja yakiwa yamechelewa saa mbili au tatu. Kwa hiyo kiasi hakipatikani kwa kuisikiliza hali ya sasa, kama tunavyoshauriwa siku hizi na kila mwenye ushauri. Hali ya sasa ndiyo shahidi mwongo kuliko wote. Kiasi hupatikana kwa kukumbuka. Ni kumbukumbu ya asubuhi nyingi zilizopita, iliyokaa kwenye mapaja na mapafu, inayolipinga neno la mwili wa leo. Na kwa kuwa ni kumbukumbu, haiazimwi. Naweza kuazima viatu vyako, hata ratiba yako ya mazoezi. Asubuhi zako siwezi.

Njia ya Kilimanjaro Marathon, kule Moshi, imepangwa kana kwamba mtu alikusudia kulithibitisha hili. Mbio hizo zimekuwapo tangu mwaka 2003, na anayekimbia marathoni nzima hupewa kwanza sehemu tambarare, kisha ndipo barabara inapogeuka na kupanda kuelekea Mweka. Mlima uko palepale mbele yako, umeuona tangu asubuhi, na bado sehemu tambarare inakurubuni. Nilipofika kwenye mpando niliwakuta wakitembea wengi waliokuwa wamenipita mjini kwa kishindo, nikawaamkia. Lakini wapo pia walionipita mjini ambao sikuwaona tena hadi medali. Hao hawakuwa wamezidisha kitu. Mwendo ulioonekana kwangu kuwa wazimu ulikuwa kwao salamu ya asubuhi.

Mtu ataniuliza: mbona Eliud Kipchoge aliazima? Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, mbele yake lilikwenda gari lililokuwa likichora mstari wa mwanga barabarani kumwonyesha mwendo, wakimbiaji 41 wakapokezana kumzunguka, naye akamaliza kwa saa 1:59:40, ambayo kwa sababu ya msaada huo haikuhesabiwa kuwa rekodi. Ni kweli mwendo ulichorwa na wengine. Ila mstari ule ulikuwa ukisoma kilichokuwamo tayari ndani yake kwa miaka ya mazoezi ya Kaptagat. Ulikwenda dakika 2 na sekunde 50 kwa kila kilomita. Mimi ningeufuata mita mia mbili, tena kwa kupigiwa makofi, kisha ungeendelea na safari yake.

Kuna kosa jingine, nalo ni kudhani kwamba kiasi ni upole. Filbert Bayi, kijana wa Karatu, alikwenda Christchurch mwaka 1974 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akachomoka mbele tangu mwanzo wa mita 1,500 kama mtu asiyejua kwamba kuna mzunguko wa mwisho. Kwa kila kitabu cha wakati ule huko kulikuwa kuzidisha. Alimaliza kwa dakika 3:32.16, rekodi ya dunia, na John Walker wa New Zealand aliyekuwa akimfukuza naye akaishinda rekodi ya zamani asipate dhahabu. (Nchi yenyewe miaka ile ilikuwa imeambiwa na Mwalimu Nyerere kwamba wengine wakitembea sisi hatuna budi kukimbia. Kama ule ulikuwa mwendo wetu, au ni pengo la waliotutangulia tu lililokuwa likitusukuma mgongoni, wanahistoria waendelee kubishana.) Zaidi ya nusu karne baadaye, Septemba 2025 katika marathoni mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida alifanya kinyume chake. Alijihifadhi ndani ya kundi kwa saa mbili na zaidi, akautoa mwendo wake hatua za mwisho kabisa. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda uleule, 2:09:48, na picha ya mstari wa mwisho ikaonyesha Simbu yuko mbele kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Mmoja alitumia vyote mapema, mwingine alivizuia hadi mwisho. Sioni kati yao aliyetoka nje ya kiasi chake.

Anayenisumbua ni John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico, mji ulio mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, alianguka njiani na kuumia goti vibaya. Walioanza walikuwa 75. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26, watu wakaanza kuondoka uwanjani, na zaidi ya saa moja baadaye akaingia Akhwari, goti limefungwa bendeji, akichechemea, akamaliza wa 57 na wa mwisho. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake linalosimuliwa hadi leo ni kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio bali kuzimaliza.

Kwa haya yote niliyoyasema kuhusu kiasi, alizidisha. Daktari yeyote angemwambia akae chini. Hata hivyo hatumkumbuki kama mtu aliyekosa busara, na sidhani kwamba tunakosea kumheshimu. Nadhani jibu limo katika lile neno la kutumwa. Kiasi ni wema wa mtu aliyejituma mwenyewe, anayewajibika kwa mwili wake na kwa wanaomngoja nyumbani. Aliyetumwa ana ahadi, na ahadi haipimwi kwa pumzi. Taifa lenye umri wa miaka michache lilikuwa limempa nauli na fulana, naye aliona kwamba kurudi na nusu ya mbio ni kurudi na nusu ya neno.

Mkimbiaji wa ridhaa hakutumwa na mtu. Namba ya kifuani ameinunua. Goti likimgoma pale Mweka hakuna bendera itakayoshuka akiketi kando ya barabara, akapewa maji na kupanda gari la wagonjwa kurudi mjini. Ndiyo maana huwa sikubaliani na wale wanaomhimiza mwenzao aliyeumia ajikaze "kama Akhwari," kisha wakapiga picha. Wanamvisha kiapo ambacho hakuapa, na gharama ya kiapo hicho atailipa yeye, kwa goti ambalo angelihitaji miaka thelathini mingine kupanda ngazi za nyumbani kwake.

Tena Akhwari hakuwa mtu wa kuchechemea. Alikuwa na kasi, na kasi hiyo aliirudia: mwaka 1970 mjini Edinburgh, katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, alimaliza wa tano. Wanaowasimulia vijana habari za Mexico wawaeleze na hiyo.