Mfanyakazi Asiyeambiwa



Wengi wetu huku ughaibuni tunakula jasho letu karibu na mitambo. Tunasafisha vyumba vya MRI usiku, tunachomelea vyuma, tunaziba mapaa yenye antena za simu. Mitambo hiyo hutoa uga wa umeme na sumaku, kitu kisichoonekana wala kunuka. Swali tunaloulizana sisi tuliosomea uhandisi ni hili: je, ni haki mwili wa mfanyakazi uruhusiwe kupokea zaidi kuliko mwili wa jirani yake?

Maana ndivyo ilivyo. Katika kanuni za Marekani za mwaka 1996, mfanyakazi anaruhusiwa kupokea nishati ya mawimbi ya redio hadi wati 0.4 kwa kila kilo ya mwili wake. Mwananchi wa kawaida anaruhusiwa 0.08. Mmoja mara tano ya mwenzake, na wote ni nyama na damu.

Tuanze na yanayojulikana. Mawimbi makali ya redio huchemsha nyama ya mwili, na jicho ni dhaifu zaidi kwa sababu lenzi yake haina damu ya kuipoza. Sumaku ya MRI huvuta chuma kwa kishindo. Uga mkali unaweza kuvuruga kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo. Kuhusu saratani, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliweka uga wa sumaku wa nyaya za umeme (2002) na mawimbi ya redio (2011) katika kundi la "huenda", uthibitisho bado.

Madhara ya joto huhesabiwa kuanzia wati 4 kwa kilo. Kwa hiyo mfanyakazi amewekwa mara 10 chini ya hatari, jirani mara 50. Hoja yake si kwamba mwili wa mfanyakazi ni mgumu. Jirani anaweza kuwa mtoto au mgonjwa, naye hajui kitu. Mfanyakazi ni mtu mzima, ameambiwa, na anaweza kusogea. Kanuni hizo za Marekani zinasema wazi: asiyefahamishwa kikamilifu ahesabiwe kama mwananchi wa kawaida.

Basi tofauti ile hainunuliwi kwa mshahara. Bei yake ni elimu. Kibao cha Kiingereza mlangoni, mbele ya ndugu aliyefika mwezi uliopita kutoka Kigoma, hakijamwambia mtu kitu.

Wapo wanaosema tukieleza tutatia watu hofu bure. Sisi tunaona hofu huzaliwa na kimya. Aliyeelezwa anajua kwamba uga hupungua haraka ukisogea mbali, na mara nyingi hatua chache zinatosha.

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Katika jambo hili tuwakatalie. Kazini tuulize: mtambo huu unatoa nini, mpaka wake uko wapi, nani anauzima kabla hatujapanda? Na anayejua lugha amfasirie mwenzake.