Kabureta ya Kuazima

Iko desturi ambayo kila mwenye gari kuukuu anaijua, ingawa hutaiona imeandikwa popote: siku ya ukaguzi, vifaa huazimwa. Huyu huazima mtungi wa kuzimia moto, yule tairi la akiba. Fundi mmoja wa Tabora alinieleza kwamba hata kabureta huazimwa. Pikapu ya zamani ya Land Rover, iletayo marobota ya tumbaku kutoka Kigwa huku ikitapika moshi mweusi, hufungwa kabureta ya jirani asubuhi, ikaguliwe, ibandikwe stika, na jioni kila kabureta irudi kwake.

Je, hapo nani amesema uongo? Mkaguzi alitaka gari lisilotoa moshi, akaonyeshwa gari lisilotoa moshi. Hakuna aliyefungua kinywa.

Tuitazame kwanza kabureta yenyewe. Kazi yake ni kuchanganya petroli na hewa. Kilo moja ya petroli huhitaji hewa kilo 15 hivi ili iungue barabara. Jeti ikiziba, wengi huizibua kwa waya, na waya hupanua tundu. Petroli huzidi, moshi huwa mweusi. Lakini moshi huo ndio mkweli kuliko vyote vitokavyo humo, maana unaonekana. Pamoja nao hutoka monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu.

Wala tusidhani ujanja huu ni wa maskini peke yao. Mwaka 2015 kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani iligundulika kuwa imeweka katika magari yake ya dizeli, yapatayo milioni 11 duniani, programu iliyotambua kwamba gari linapimwa, ikalisafisha kwa muda huo tu. Nayo ni kabureta ya kuazima, ila imeazimwa na matajiri waliokuwa na uwezo wa kununua.

Mwenye pikapu ana la kujitetea. Gari likilala, nani atampeleka mjamzito hospitali usiku? Hoja hii ni nzito, nami siipuuzi. Hata hivyo, stika haisemi habari za asubuhi ile. Inasema habari za siku zote zitakazofuata, na hizo ndizo alizokusudia kuzificha.

Kigwa ni mahali pa njia ya kale ya misafara. Henry Morton Stanley alipita hapo mwaka 1871 akielekea Unyanyembe. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyejiajiri alikuwa na taabu nyingi, lakini mzigo aliuona, akaupima kwa bega lake, akapatana ujira kabla ya kuondoka. Mama auzaye viazi kando ya barabara leo, na watoto wanaokalia marobota nyuma ya pikapu, wamebebeshwa mzigo ambao hakuna aliyepatana nao. Kwa hiyo nadhani mkaguzi siye aliyedanganywa zaidi.

Pikapu niliyosimuliwa hatimaye ilifungwa kabureta mpya, ya kununua. Sasa inakunywa petroli kidogo kuliko zamani, na mwenyewe husema alifuata dhamiri yake. Sina ugomvi naye. Ila ningependa kujua angefanya nini kama kabureta safi ndiyo ingekuwa inakunywa zaidi.