Kuvunjika kwa Bizimu

Kiatu cha skii za mlimani kinaonekana kama kitu kisichoharibika. Gamba lake ni plastiki nene, limeufunika mguu kuanzia vidoleni hadi juu kwenye muundi. Lakini mara nyingi kinachokipeleka jalalani si gamba, ni bizimu. Kwa kawaida kila kiatu kina bizimu nne, mbili za mbele na mbili za muundini. Kila moja ina mkono wa chuma chepesi, kitanzi cha waya na, upande wa pili, kipande chenye meno ya kunasa kitanzi hicho. Ukingo wa skii ya mtu mwingine ukipita juu yake kwenye foleni ya lifti, waya unapinda, meno yanang'oka au ribiti inakatika. Kitu cha gramu chache tu, na jozi iliyonunuliwa kwa mamia ya euro inaachwa kando ya pipa la taka, gamba lingali zima, soli ingali nzima.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nauamini usemi huo kwa uzito wake wote, maana haulizungumzii koleo, unamzungumzia mhunzi.

Bizimu yenyewe ilikuja kama neema. Viatu vya zamani vilikuwa vya ngozi, vya kufungwa kwa kamba, na kamba hulowa, huganda na kulegea. Katikati ya miaka ya 1950 kampuni ya Henke ya Uswisi ilianza kuuza kiatu chenye bizimu alizobuni Hans Martin, mkono wa kubana mara moja hata ukiwa umevaa glavu. Miaka ya 1960 Bob Lange, kule Dubuque katika jimbo la Iowa, Marekani, akaleta gamba la plastiki. Faida ilikuwa kubwa, mguu na skii vikawa kitu kimoja. Ila sindano na uzi wa fundi viatu wa kijijini havikuwa na kazi tena. Ngozi iliyochanika hushonwa. Plastiki ilidai ufundi mwingine, na watu wengi walidhani haidai ufundi wowote, bali pesa tu.

Tazama jinsi bizimu inavyoshikizwa kwenye gamba. Katika viatu vingine, hasa vya mashindano, imefungwa kwa skrubu. Katika vingine vingi, hasa vya bei ya chini, imepigwa ribiti. Kiwanda kina sababu zake: ribiti hupigwa haraka, gharama yake ni ndogo na hailegezwi na mtikisiko. Sizidharau sababu hizo. Lakini aliyeweka skrubu alifikiri kwamba siku moja kuna mtu atafungua. Aliyepiga ribiti hakumfikiria mtu huyo. Na uzito wa uamuzi huo unawaangukia wenye mfuko mwembamba, kwa kuwa mwenye uwezo wa kununua kiatu kipya ndiye mara nyingi aliyepewa kiatu kinachofunguka. Hili linaniuma.

Ribiti, hata hivyo, si kifungo cha maisha. Kwanza unatoa kiatu laini cha ndani ili uione kazi yako pande zote mbili. Unatia alama katikati ya kichwa cha ribiti kwa ncha ya chuma na nyundo, drili isije ikateleza. Kisha unatoboa kile kichwa tu, polepole, kwa sababu joto la msuguano huilainisha plastiki. Ribiti hupenda kuzunguka pamoja na drili. Ishike kwa plaizi. Kichwa kikishatoka, mwili wake unasukumwa nje na tundu linabaki na ukubwa wake uleule. Aliyeharakisha akalipanua tundu atabaki na bizimu inayocheza, na hakuna gundi itakayomwokoa. Kwa ndani unaingiza nati yenye kichwa kipana, bapa, kisichochoma mguu. Kwa nje unakaza skrubu fupi isiyoshika kutu, ukiwa umeitia tone la gundi ya kuzuia nati kulegea. Ikizidi urefu, ikate uisugue kwa tupa. Vyote hivyo ni vitu vya euro chache kwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Bizimu mpya? Itoe kwenye kiatu kilichokufa. Kila vuli, katika miji ya Bavaria na Austria, hufanyika masoko ya mitumba ya skii, na jozi chakavu ya bei ya kutupa ina bizimu nane. Pima tu umbali kati ya matundu kabla hujalipa.

Lakini si kila kilichoharibika kinafaa kutengenezwa mezani nyumbani. Soli ya kiatu hiki imewekewa vipimo na kiwango cha kimataifa, ISO 5355, kwa sababu ndiyo inayokaa ndani ya kishikio cha skii, na kishikio hicho hutakiwa kuuachia mguu kabla mfupa haujavunjika. Soli iliyolika kisha ikajazwa gundi inaweza kukizuia kisiachie kwa wakati. Plastiki nayo huzeeka. Poliyurethani, ambayo magamba mengi hutengenezwa kwayo, hudhoofishwa na unyevu mwaka baada ya mwaka, hata kiatu kikiwa kimelala kabatini, hadi siku moja gamba linapasuka vipande mtu akiwa mtelemkoni. Hapo rahisi ni ghali kweli. Namheshimu anayekataa kununua kiatu kipya kwa sababu ya waya uliopinda. Namheshimu zaidi mtu huyohuyo anapokigeuza kiatu alichokihangaikia, akaitazama soli, akasema basi.

Januari 2021 Ufaransa ilianza kudai simu, kompyuta za mkononi, televisheni na mashine za kufulia ziuzwe zikiwa na alama inayoonyesha jinsi zinavyotengenezeka. Viatu vya skii havikuwamo katika orodha hiyo. Kwa hiyo mnunuzi aulize mwenyewe. Kabla ya kulipa, vuta kiatu cha ndani, tia mkono ndani ya gamba, papasa nyuma ya bizimu, kisha mwambie muuzaji akuonyeshe spea zake zinauzwa wapi.