Kwani Mazoezi Hupotea?

Kuna swali ambalo vijana wengi wa Kisumu waliowahi kucheza mpira wa kikapu wameulizwa, mara nyingi na mtu anayewapenda: "Na hiyo mpira itakulisha?" Ni swali halali. Lakini ndani yake kuna dai moja ambalo ningependa tulipime, yaani kwamba mazoezi yasipoleta kile yalichosemekana yataleta, basi yamepotea.

Tuanze na mazoezi yenyewe. Anayejifunza mchezo huu haanzi kwa kurushia kikapu kilicho mita 3.05 juu ya kichwa cha dunia. Anaanza chini. Magoti yamekunjwa kidogo, macho mbele, mpira unadundwa kwa vidole, kiganja kisiuguse. Mara mia kwa mkono wa kulia, mara mia kwa wa kushoto. Pasi ya kifua, pasi ya kudundisha. Kusimama ghafla kwa miguu miwili bila kuteleza. Kugeuka huku mguu mmoja umebaki pale pale. Kesho, yale yale. Hakuna anayepiga makofi. Ni mtoto tu anayeuliza, "Kocha, kwani tutacheza lini?"

Kwa wengi wetu kazi kubwa iko kwenye mkono wa kushoto. Nyumbani tulikatazwa kula nao au kumpa mzee kitu nao. Uwanjani unaambiwa mkono huo huo ujifunze sawa na mwenzake. Mpira unakuponyoka, unaukimbilia hadi kwenye ua, unarudi na kuanza tena huku wenzako wakicheka. Ukiendelea hivyo wiki kadhaa utajua kudunda, ndio, lakini pia utakuwa umejifunza kukaa na udhaifu wako hadharani bila kuuficha na bila kutoroka.

Sasa, kocha anayetaka mtoto arudi kesho atamwambia nini? Mara nyingi ni haya: jikaze, kuna shule itakuchukua, kuna ufadhili, kuna Marekani. Si uongo mtupu, maana wapo waliosomeshwa na mpira huu. Lakini hebu tupige hesabu. Timu huandikisha wachezaji 12 kwa mechi. Wanaokuwa uwanjani kwa wakati mmoja ni 5, na mechi nzima ni dakika 40. Kama thamani ya mazoezi iko kwenye mechi peke yake, basi jasho jingi la jioni, kuanzia Nyalenda hadi Kondele, linamwagwa bure.

Kuna atakayenitajia Yaoundé. Februari 2021, Kenya ilikutana huko na Angola, taifa lililokuwa limetwaa ubingwa wa Afrika mara 11. Sekunde ya mwisho Tylor Ongwae akarusha, mpira ukaingia, ikawa 74 kwa 73. Mwaka huo huo Kenya ikacheza AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993. Si umeona? Mazoezi yanalipa!

Sawa. Lakini Waangola nao walikuwa wamefanya mazoezi. Kama ushahidi ni mpira kuingia, basi miaka yao yote iligeuka upuuzi kwa pointi moja. Nani anaamini hivyo? Walichokijua kabla ya mrusho ule walikijua bado baada yake. Aristotle, yule Mgiriki wa kale, alifundisha kwamba mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu. Kurudia jambo kunamuumba anayelirudia, na umbo hilo halingoji filimbi ya mwisho.

Pingamizi kubwa naijua: ni rahisi kusema hivyo ukiwa umeshiba. Mimi niliacha chuo kikuu na sasa naishi kwa vibarua vya kuandika, kwa hivyo najua jioni moja ina bei. Manyatta, saa mbili za mazoezi ni saa mbili ambazo mtoto angeteka maji au kumsaidia mamake kuuza omena. Yeye hana nafasi ya kupenda kitu kwa ajili ya kitu chenyewe tu.

Lakini hapo ndipo ile ahadi inakuwa nzito zaidi. Kumwambia mtoto maskini kwamba lazima atalipwa ni kumkopa muda wake kwa dhamana ambayo huna. Akifika miaka ishirini bila ufadhili, atajiona ameshindwa katika jambo aliloliweza vizuri. Wapo wa rika langu ambao hawagusi tena mpira. Hawakuuchoka, bana. Kila wakiushika, wanakumbuka kile walichoahidiwa.

Pale Dunga, wavu ukichanika hushonwa kabla ya kurudi ziwani. Anayemfundisha mwanawe kushona hamwambii kwamba wavu mzima ni samaki. Anajua kuna usiku ambao ziwa litanyima. Anachomwambia ni kwamba wavu wenye tundu utamwachilia hata samaki aliyejileta mwenyewe. Kisha anamwonyesha fundo, na fundo likikaa vizuri analisifu hapo hapo, kabla samaki yeyote hajaonekana.

Kocha naye angeweza kusema hivyo hivyo: "Omera, sijui kama utafika Marekani. Ninachojua ni kwamba ukivumilia, mkono wako wa kushoto utapata akili." Amsifu leo kwa kilichotengenezwa leo. Na nyumbani wakimhitaji, amruhusu aende bila kumwita mvivu. Mtoto akiyajua hayo na bado arudi kesho, amechagua mwenyewe. Na asiporudi, hajamkosea mtu.