Digrii Iliyogonga Mlango Ikakataliwa

Sisi wa Meru na Embu tukimpeleka mtoto chuo kikuu, tunauliza karo, tunauliza hosteli, kisha tunauza ng'ombe. Neno ithibati, yaani kozi kukaguliwa na kuidhinishwa, halitujii kabisa. Nami simo nje ya kundi hilo: nikionyeshwa lango kubwa lenye jina la serikali, ningelipa bila swali.

Ndivyo walivyoamini wazazi wa vijana waliosomea uhandisi Egerton, chuo kilichokilea kile cha Chuka hapa jirani kabla hakijajitegemea. Vijana walisoma, wakavaa joho, wakapigwa picha na jamaa. Walipopeleka vyeti kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, bodi ikakataa kuwasajili. Bila usajili, sheria haimruhusu mtu kujiita mhandisi.

Dalili za shida hiyo zilikuwepo. Tume ya Elimu ya Juu iliundwa mwaka 1985, lakini ukaguzi wake uliviangukia vyuo vya binafsi. Chuo Kikuu cha Kimethodisti, KeMU, kilianza hapa Meru mwaka 1997, na hati yake kamili ikaja 2006. Miaka tisa! Egerton kilikuwa na sheria yake ya Bunge tangu 1987, na seneti yake ndiyo iliyopitisha kozi. Sote tukachukulia kwamba cha serikali hakina haja ya kupimwa. (Panda matatu ya Embu leo, bado utalisikia hilo.)

Dalili inayoniuma zaidi ni nyingine. Bodi ya wahandisi ilikuwa na sheria yake na ilijiamulia ni digrii zipi itazitambua. Milango ilikuwa miwili, nasi tuliuona mmoja. Chuo na bodi walipovutana, aliyebanwa katikati ni mtoto wa mtu.

Zaidi ya wahitimu mia moja walikwenda mahakamani, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, iliyoamua mwaka 2018. Hesabu miaka ya kusubiri uamuzi huo kwa umri wa kijana anayetafuta kazi ya kwanza. Kabla ya hapo, sheria ya 2012 ilikuwa imeviweka vyuo vya umma pia chini ya tume mpya, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE).

Basi ndugu yangu, kabla ng'ombe hajatoka zizini, uliza: tume imeidhinisha kozi hii yenyewe, au chuo tu? Na bodi ya taaluma itamsajili anayeimaliza? Barua ya kuitwa chuoni haisemi hayo. Omba jibu kwa maandishi.